The Dells: sifa ni za sauti tano au za mpangaji wa muziki wao?

Wakuu, kila wanapotajwa The Dells, kundi la waimbaji watano wa soul kutoka Marekani, kuna hoja inajirudia: kwamba bila Charles Stepney, mpangaji wa muziki (anayepanga vyombo na sauti ziingie vipi kwenye wimbo) wa kampuni ya rekodi ya Chess pale Chicago, wangebaki kundi la mtaani lililobahatisha kibao kimoja. Mimi napinga, tena kwa moyo wote.

Vijana hawa walianza kuimba wakiwa sekondari huko Harvey, kitongoji cha kusini mwa Chicago, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1956 wakatoa "Oh, What a Nite", ikapanda hadi namba 4 kwenye chati ya R&B. Stepney hakuwepo. Mwaka 1958 wakapata ajali ya gari, Mickey McGill akaumia vibaya, kundi likasimama. Mwaka 1960 Johnny Funches akatoka, akaingia Johnny Carter aliyekuwa kundi la The Flamingos. Kuanzia hapo ni wale wale: Marvin Junior, Carter, McGill, Verne Allison, na Chuck Barksdale kwenye sauti ya besi, mpaka Carter alipofariki mwaka 2009. Karibu nusu karne! Aliyewahi kuimba kwaya anajua watu watano wanavyogombana kwa jambo dogo tu la nani aanzishe wimbo.

Chukueni "Stay in My Corner" ya 1968. Mimi niliisikia kwanza kwenye kanda ya kaka yangu, na bado nikiisikia naacha ninachofanya. Marvin anaimba kwa sauti nzito ya mtu anayeomba asiachwe. Kisha analishika neno moja, "stay", analivuta zaidi ya sekunde 10 bila kuvuta pumzi. Unajikuta na wewe umebana pumzi. Pale hakuna mpangaji, ni kifua cha mtu.

Mchangiaji wa pili: Mkuu, mfano wako unakugeuka. Wimbo huo hawakuurekodi 1968 kwa mara ya kwanza. Waliurekodi 1965 wakiwa kampuni ya rekodi ya Vee-Jay. Marvin alikuwepo, Carter alikuwepo, na haukufika mbali. Miaka mitatu baadaye, wakiwa Cadet, tawi la Chess, prodyuza Bobby Miller na huyo Stepney wakauacha uende zaidi ya dakika sita, wakati redio zilizoea nyimbo za dakika tatu hivi. Ukashika namba 1 R&B na kuingia kumi bora za chati ya pop. Mwaka 1969 wakarudia na ule wa 1956, nao ukashika namba 1 R&B. Nyimbo zile zile, kundi lile lile. Sasa niambie kilichobadilika ni nini kama si fundi?

Mwanzisha mada: Hapo umenibana, na sitakwepa. Stepney aliwapa nafasi. Alijua pa kuingiza fidla na pa kuzinyamazisha ili sauti isimame peke yake, na toleo la 1968 lisingekuwa lile bila yeye. Nakubali. Lakini nafasi ya dakika sita ukimpa mwimbaji wa kawaida, dakika ya tatu watu wameshabadili stesheni. Na hii ya kwamba fundi ndiye aliyewafanya, mbona waling'ara hata chini ya mikono ya wengine? Mwaka 1963 Barbara Lewis alipoimba "Hello Stranger", sauti zile za nyuma zinazobembeleza ni za The Dells, na wimbo ule ulishika namba 1 R&B. Mwaka 1973 walifanya kazi na prodyuza Don Davis wa Detroit, wakatoa "Give Your Baby a Standing Ovation", ikauza hadi kupata hadhi ya dhahabu. Fundi alibadilika, mji ukabadilika, sauti zikabaki.

Mchangiaji wa tatu: Mimi kinachoniuma ni kingine. Mwaka 2004 The Dells waliingizwa Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la wanamuziki huko Marekani, na walistahili. Mwongozaji Robert Townsend alipotengeneza filamu ya The Five Heartbeats, iliyotoka 1991, aliwafuata wao wamwelekeze maisha ya kundi linalosafiri kufanya maonyesho. Vizuri. Stepney alifariki 1976 akiwa na miaka 45 tu, baada ya kuwatengenezea muziki pia Rotary Connection, Ramsey Lewis na Earth, Wind & Fire. Msikilizaji wa kawaida hamjui hata kwa jina. Sasa hata hapa tunataka kumpunguzia?

Mwanzisha mada: Hapana, ndugu yangu, simpunguzii. Apewe chake, na jina lake litajwe kila wimbo huu unapopigwa. Ninachokataa ni kumfanya Marvin Junior aonekane kama chombo kilichopigwa na mtu mwingine. Marvin alifariki 2013 akiwa ameimba na wenzake kwa miaka ipatayo sitini.

Naomba kila anayetaka kuchangia atafute toleo la 1965 na la 1968, ayasikilize moja baada ya jingine, usiku, kwa spika za masikioni. Kisha aje aseme ni sehemu gani hasa ya wimbo iliyomshika, na wakati huo alikuwa anasikia fidla au koo la mtu.