Mrejesho: Ile nyama ya Idi iliyokaa kwenye friza bila umeme

Asalaam aleikum ndugu zangu. Niliwauliza kuhusu kilo 12 za nyama ya Idi, umeme ulipokatika saa 30 mfululizo: nile au nitupe? Ahsanteni sana kwa majibu.

Mlisema friza iliyojaa, ikiachwa imefungwa, hushika baridi hadi saa 48, na iliyojaa nusu kama saa 24. Yangu ilijaa, ila watoto waliifungua mara kadhaa kuchukua maji. Nilipopekua, vipande vya chini na katikati vilikuwa vigumu kama jiwe. Hivyo vimebaki. Vya juu vililainika lakini ndani bado vina chembe za barafu; nikavipika siku ile ile.

Kilichoniuma ni nyama ya kusaga na maini, vilikuwa juu kabisa. Mfuko umejaa maji mekundu ya uvuguvugu, nikigusa inateleza na kunata vidoleni, harufu imechachuka. Mama mkwe akashauri tuchemshe na tangawizi na siki. Nikamwomba radhi, nikatupa. Sumu nyingine za bakteria haziondoki kwa kuchemsha, na nina mtoto wa miaka miwili.

Vile vipande vyenye mabaka meupe makavu niliyoyaogopa, kumbe ni baridi tu imevikausha. Nimekata mabaka, mchuzi umetoka vizuri.

Sasa nafunga nusu kilo nusu kilo, bapa, na tarehe juu. Pia nimeweka kikombe cha barafu chenye sarafu juu yake. Nikiikuta imezama, najua friza iliyeyuka.