William Holden: nianze na filamu ipi?

MwanaSinema: Wakuu, habari zenu. Nataka kumjua mwigizaji wa Marekani William Holden. Nina Sunset Boulevard (1950), Stalag 17 (1953) na Network (1976), na wikiendi hii nina muda wa moja tu. Ipi?

Babu wa Nanyuki: Stalag 17, ndiyo iliyompa Oscar. Yumo katika kambi ya Wajerumani ya mateka wa vita, anafanya biashara kwa sigara na kuendesha mbio za panya, wenzake wanamshuku kuwa ndiye msaliti. Hajipendekezi kwa mtazamaji hata dakika moja.

Salma_T: Babu, shikamoo. Hapo naomba nikupinge. Tangu Golden Boy (1939) walikuwa wakimpa nafasi za kijana mtanashati tu. Mwigizaji Montgomery Clift alipojitoa Sunset Boulevard, mwongozaji Billy Wilder akamchukua Holden, na maisha yake yakageuka. MwanaSinema, tazama pale dukani. Holden ni mwandishi aliyefilisika, anayetunzwa na nyota wa zamani wa filamu. Wanachagua koti, muuzaji anamsogelea na kumwambia kwa sauti ya chini achukue la bei zaidi, si bibi ndiye anayelipa? Mwangalie uso Holden wakati ule. Aibu na hasira vinapita pamoja, bila neno.

Mvita Mkongwe: Mbona The Bridge on the River Kwai (1957) hamuitaji? Mkataba wake ulimpa 10% ya mapato, akawa analipwa dola 50,000 kila mwaka.

Salma_T: Pesa sawa, ila kwa uigizaji ile ni filamu ya mwigizaji mwenzake, Alec Guinness.

Babu wa Nanyuki: Marahaba, binti. La koti nakubali. Huku kwetu wengi wanamjua kwa hoteli ya Mount Kenya Safari Club, aliyoianzisha na wenzake mwaka 1959, na kwa ranchi yake na mshirika wake Don Hunt iliyozalisha bongo, wale swala adimu wa msituni. Sinema zake hawajaziona, na inaniuma.

MwanaSinema: Na Network?

Salma_T: Iweke ya pili, tafadhali. Ni uso uleule baada ya miaka 26, pombe imeshauchakaza, naye haufichi. Miaka mitano baadaye alianguka nyumbani kwake akiwa amelewa, akafariki na miaka 63. Ukiwa umeshamwona kijana wa 1950, Network itakushika zaidi.

MwanaSinema: Basi Sunset Boulevard Jumamosi hii. Babu, yako wiki ijayo.