Kaka kapona ajali ya boda ila tabia sio yake, ubongo unaweza kumgeuza mtu hivi?

Binti_Cherehani:
Wakuu habari zenu. Mwezi wa tatu kaka yangu alipata ajali ya boda, alikuwa abiria, hana helmeti, akapiga paji la uso kwenye ukingo wa mtaro. Kalazwa siku tisa, CT skani wakasema hakuna damu iliyovia, tukashukuru Mungu tukarudi nae nyumbani. Sasa aliyerudi kama sio yeye. Kaka alikuwa fundi nguo mpole hadi wateja wanamuonea kwenye bei, leo anamtukana mama mkwe wake mbele ya wageni, juzi msibani kacheka kwa sauti watu wote wakageuka, chai anatia sukari vijiko sita ukimsemesha anaongeza cha saba. Cha ajabu kupima na kukata yuko vilevile na hesabu haimpigi chenga, ila anaweza kuacha suruali ya mtu nusu akaenda zake kununua redio ya tatu. Wifi anasema karogwa, mama anasema kiburi tu. Hivi inawezekana mtu abadilike tabia akili zikabaki?

Zamu_ya_Usiku:
Pole sana dada. Inawezekana kabisa, wodini tunawaona hao majeruhi wa boda. Nyuma ya paji la uso ndio ipo sehemu ya mbele ya ubongo, na kazi yake kubwa sio kukumbuka jinsi ya kushona, ni kukwambia subiri, hapa msibani, huyo mama mkwe wako. Ikiumia hiyo fundi anabaki fundi ila anaemzuia hayupo. Halafu CT skani inaona vizuri damu na mfupa uliopasuka, nyuzi za ubongo zilizokatika kwa mtikisiko inaweza isizione, kwa hiyo majibu masafi yasiwadanganye.

Kuna Mmarekani anaitwa Phineas Gage, msimamizi wa vibarua wa reli kule Vermont. Septemba 1848 anashindilia baruti kwenye mwamba ikalipuka, chuma cha urefu wa zaidi ya mita moja, uzito kama kilo 6, kikaingia shavuni kikatokea utosini. Na akapona! Dakika chache tu baadae alikuwa anaongea. Ila daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba yule mtu wa mipango na utulivu kawa wa matusi na papara, anapanga hiki mara kaacha kashika kile, mpaka rafiki zake wakasema huyu sio Gage tena. Soma hapo halafu mfikirie kaka yako na zile redio.

Kijiwe_Nongwa:
Samahani ila mi naona mnamtafutia kisingizio. Walevi wote nao watasema ubongo. Mbona hamtukani polisi?

Daktari_wa_Mifugo:
@Kijiwe_Nongwa mkuu ulishaona mbwa mwenye kichaa? Mbwa wa nyumbani, kalelewa na watoto, siku moja anamng'ata aliekuwa anamlisha. Hakuna anaesema huyu mbwa ana dharau, kirusi kimepanda taratibu kwenye mishipa ya fahamu toka kwenye jeraha hadi kichwani, basi. Na mnyama wa porini akiwa nacho anaweza kuingia kijijini mchana kweupe kama hamuoni mtu, woga wote umekwisha. Miaka ya 1930 pale Chicago, watafiti Klüver na Bucy waliwatoa kima sehemu za pembeni za ubongo, kushoto na kulia. Wale wanyama waliokuwa wakimuona nyoka wanapiga kelele wakawa wanamshika, wanamtia mdomoni. Hakuna aliewafundisha ujasiri. Sasa mbwa na kima tunawaelewa, ikifika kwa binadamu tunasema jeuri. Na pombe uliyoitaja, moja ya vitu vya mwanzo inavyolegeza ni hicho hicho kizuizi, ndio maana mlevi anasema yote.

Kijiwe_Nongwa:
Sawa nimekuelewa mtaalamu ila bado mama mkwe katukanwa 😅

MamaPacha:
Dada mume wangu alianguka toka juu ya jukwaa la ujenzi, ni mwaka wa nne huu. Mwaka wa kwanza nilibishana nae kila siku nikakonda bure. Kilichosaidia ni ratiba moja isiyobadilika, saa ileile, kazi moja mezani ikiisha ndio inakuja nyingine, pesa nakaa nazo mimi, na kwenye misiba anakaa dakika kumi tunaondoka. Akianza kufoka natoka nje, nikirudi kashasahau.

Zamu_ya_Usiku:
MamaPacha kamaliza. Hata Gage mwenyewe baadae alienda Chile akaendesha magari ya farasi ya abiria kwa miaka kama saba, na ile sio kazi ya mtu aliyeharibika moja kwa moja, wapo wanaodhani zile safari za mpangilio uleule ndio zilimrudisha. Ila jueni pia alikufa 1860 baada ya kuanza kupata degedege, kwa hiyo kaka akidondoka na kutetemeka hata mara moja mkimbizeni hospitali. Na mrudisheni kliniki, waelezeni TABIA, msiseme tu kichwa kinauma.

Binti_Cherehani:
Nimemsomea wifi yote, kalia sana. Kadi ya kliniki tulidhani imepotea kumbe kaifungia vishikizo vya mteja kwenye droo ya cherehani. Alhamisi tunaenda nae, funguo za duka anashika mama.