Mafundi na wauza betri wa magari ya safari: mnaziua betri wenyewe halafu mnasema ni feki!

#1

Wakuu, salaam. Moderator, naomba uzi huu usiunganishwe na ule wa betri za sola za nyumbani. Hapa ni magari ya safari na matela ya kambi, betri ya pili inayobeba friji, taa na inveta. Ina mambo yake.

Kila msimu ni yaleyale. Betri inafungwa Juni, gari linaingia porini, ikifika Septemba friji linazima usiku wa manane, nyama inaharibika, na kama kuna mgeni mwenye insulini ndiyo balaa kabisa. Gari likirudi Arusha fundi anaweka mita, anatikisa kichwa: "Bosi, betri feki hii." Inanunuliwa nyingine, inafungwa kwenye waya uleule, na Desemba nayo imekwisha. Jamani! Hakuna hata mmoja anayepima volti inayofika nyuma kwenye betri gari likiwa linaunguruma? Ni kazi ya dakika moja.

Niseme wazi: feki zipo, nitazifikia. Lakini nyingi ya hizo betri zilikuwa nzima. Zimekufa kwa kuchajiwa nusu kila siku, na anayezichajia nusu ni yule aliyezifunga.

Kosa kubwa liko kwenye waya. Fundi anachukua waya wa 2.5 (milimita za mraba za shaba), ule wa soketi za nyumbani, anautoa kwenye betri ya kuwashia hadi kwenye tela, mita saba hivi. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 14. Hesabu yake haihitaji chuo: 0.0175 mara mita za kwenda na kurudi, gawanya kwa unene wa shaba kwa milimita za mraba, unapata ukinzani kwa omu. Zidisha kwa ampea, unapata volti zinazopotelea njiani. Waya wa 2.5 kwa mita 14 ni karibu omu 0.1. Ukitaka kupitisha ampea 20, volti 2 zinaishia kwenye waya. Altaneta ikishapata moto inatoa 14 au 14.2, nyuma kunabaki 12.2. Hiyo haiwezi kuchaji betri ya risasi, kwa hiyo ampea zinashuka zenyewe: 10, 6, mwisho 4. Na friji la lita 40 au 50 mota yake ikizunguka inakula 4 mpaka 5. Yaani gari linakimbia kutwa nzima, na betri ya nyuma imebaki pale ilipokuwa asubuhi.

Weka waya wa 16 kwa urefu huohuo, kwa ampea 20 unapoteza volti 0.3. Wa 25, volti 0.2. Tofauti yote ya betri inayodumu miaka na inayodumu miezi iko hapo, na bado fundi anakuandikia "waya mita 7" kwenye bili bila kutaja unene!

Halafu kuna waya wa aluminiamu uliopakwa shaba juu, unauzwa kama shaba tupu. Kwangua kwa kisu. Ndani ukiwa mweupe, rudisha. Ukinzani wake ni zaidi ya wa shaba kwa karibu asilimia 60, na ukikazwa kwenye skrubu baada ya muda unalegea na kupata moto. Na ethi, wakuu, ethi! Wengine wanapeleka chanya tu nyuma, hasi wanaiachia ipite kwenye chasisi na ndoano ya kuvutia tela. Ndoano ina grisi, vumbi na kutu. Hasi ya tela inataka waya wake mwenyewe, unene uleule wa chanya. Msipitishe chaji kwenye plagi ya pini saba ya taa pia, vile vipini havikutengenezwa kubeba ampea 20 kwa saa sita. Tafuteni plagi ya Anderson, ile nene ya kubebea umeme mwingi wa betri, ya ampea 50.

Sasa kwa nini nusu chaji inaua. Betri ikitumika, kwenye sahani za risasi kunaota salfati laini. Ukiijaza, ile salfati inarudi kwenye asidi. Ukiiacha siku kadhaa bila kujaza mpaka mwisho, inakomaa kuwa fuwele ngumu na haitoki tena. Kila siku kipande cha sahani kinakufa. Betri ya 100Ah (ampea-saa, yaani ampea mara saa inazoweza kutoa) inakuwa ya 60, kisha ya 30, na mita bado inaonyesha volti 12.6 asubuhi, ndiyo maana mnachanganyikiwa.

Kujaza kunakwenda kwa hatua, na hapa hata waya mnene peke yake hautoshi. Mpaka asilimia 80 hivi betri inapokea ampea kwa haraka. Asilimia 20 za mwisho zinataka betri ikae kwenye volti 14.4 hadi 14.7 kwa saa nne au zaidi, ampea zikipungua polepole. Huwezi kuharakisha hata uwe na altaneta ya lori. Arusha hadi Karatu ni kilomita kama 140: betri iliyoshuka hadi nusu itafika imepanda, lakini haijajaa. Kesho yake geti la hifadhi, mchezo wa kuwasha na kuzima gari kila mkiona simba, haijajaa. Siku saba hivyo. Na kuliacha gari likiunguruma nusu saa kambini "ili betri ipate kidogo" ni kuchoma dizeli bure. Kwa ampea 10 umeingiza 5Ah, saa mbili tatu za friji.

Kinachotakiwa ni hiki. Ile rilei, swichi ya umeme inayounganisha betri mbili gari likiwaka, ivuliwe, iwekwe chaja ya betri kwa betri, DC-DC ya ampea 20 au 25, na ifungwe karibu na betri ya nyuma, si mbele. Yenyewe inapokea hata 12.5 na kutoa 14.4 kamili. Waya wa 16, fyuzi ya ampea 40 mbele na nyingine nyuma, kila moja isizidi sentimita 20 kutoka kwenye betri yake, kwa sababu fyuzi inalinda waya: kipande kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi. Waya wake mdogo wa kuhisi uunganishwe kwenye swichi ya gari, la sivyo usiku itanyonya betri ya kuwashia na asubuhi mtalisukuma gari.

Juu ya paa weka sola, maana ndiyo inayomalizia zile saa nne. Paneli ya wati 100 adhuhuri inatoa ampea 5 hadi 6, na kwa siku ya jua 25 hadi 30Ah. Friji kwenye joto linakula 30 hadi 50Ah kwa siku. Kwa hiyo wati 200 ndiyo inaeleweka. Kontrola ya sola mkaiseti kwa aina ya betri iliyopo! Betri ya maji inataka 14.4 hadi 14.8, AGM (ile iliyofungwa, asidi yake imenywewa na mikeka ya nyuzi za kioo) 14.4 hadi 14.7, jeli isivuke 14.2. Ikishajaa ishushwe hadi 13.5 au 13.6. Nani kati yenu amewahi kumwona fundi akifungua hiyo menyu? Inaachwa ilivyotoka dukani.

Maji nayo. Betri ikipungua maji, kinachopotea ni maji, asidi inabaki humo ndani. Ukiongeza asidi unaifanya kali kupita kiasi na inatafuna sahani. Kila siku naona chupa ya asidi ikimiminwa kwenye betri inayohitaji maji yaliyokenekwa! Wengine wanatia ya bomba. Maji haya ya Arusha yanayotia meno madoa, yenye madini tele, mnayatia kwenye betri? Ongeza maji yaliyokenekwa baada ya kuchaji, yafunike sahani kwa sentimita moja hivi. Kama sahani zimeshakuwa wazi, tia kidogo tu zifunikwe, chaji, kisha malizia. Ukijaza mdomoni kabla ya kuchaji yatapanda na kumwagika pamoja na asidi, na kutu ya trei inaanzia hapo. Haidromita, kile kipimo cha uzito wa asidi, isome 1.265 hadi 1.280 kila seli. Seli moja ikiwa chini ya wenzake kwa 0.050 hata baada ya kuchaji mpaka mwisho, hiyo betri inakwenda, msidanganyane.

Na zile chaja kubwa za gereji za kupigwa "boost" saa moja? Betri inapigwa ampea 30 na zaidi, inachemka, mita inasoma 13.2, unapewa. Hiyo ni chaji ya juujuu. Washa taa dakika tano, zima, subiri saa chache, ndipo upime. Betri ya maji iliyojaa na kupumzika ni 12.6 hadi 12.7; 12.2 ni nusu, 11.9 ni tupu. Kwa betri ya 100Ah chaji ya ampea 10 hadi 20 ndiyo yake, usiku kucha.

Kununua. Mkiomba betri ya friji mnapewa ya kuwashia, N70, kwa sababu ndiyo iliyopo. Ile ina sahani nyembamba za kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache; ukiishusha nusu kila usiku haimalizi msimu. Semeni betri ya sola, na muipime uzito. Ya risasi ya 100Ah ya kweli ni kilo 25 hadi 30. Ukiinyanyua ukaona kilo 16, imeandikwa 100 lakini risasi haimo. Pima volti dukani; chini ya 12.4 imelala rafuni muda mrefu, iache. Na nyumbani, kabla ya siku za kurudisha kwisha, ijaze kabisa kisha washia taa ya gari ya wati 60, ni ampea 5. Ya 100Ah inapaswa kwenda karibu saa 20 mpaka ifike volti 10.5. Ikifika saa 10 tu, umeuziwa 50Ah. Chaji papo hapo, usiilaze ikiwa tupu.

Wauzaji, nyie mnaokataa warantii kwa kusema "umeifunga vibaya" huku mmetuma fundi wenu aje aifunge, tutawataja kwa risiti.

#2

Mkuu, mimi ni fundi wa rewaya, umeme wa magari, na nimekusoma mpaka mwisho. Unachosema kuhusu waya ni kweli, lakini usitupe lawama zote kwetu. Mteja ukimwambia waya wa 16 na DC-DC anaguna, anakwenda gereji ya jirani anafungiwa 2.5. Kingine, wengi sasa wanaleta litiamu wakidhani imemaliza matatizo. Mbona hujaigusa?

#3

Mkuu wa #2, sawa, basi andika bei mbili kwenye karatasi, ya 2.5 na ya 16, na pembeni uandike volti zitakazofika nyuma. Akichagua 2.5 ameamua mwenyewe, na ukisaini naye hakuna wa kukulaumu. Mnachofanya ni kunyamaza, kisha mkaita betri feki. Hilo ndilo linaloniudhi.

Litiamu, ile ya fosfati ya chuma, ni nzuri kwa kazi hii. Haiumii kwa kukaa nusu, na unaweza kutumia asilimia 80 bila wasiwasi. Lakini ukiiunga kwa rilei moja kwa moja na waya mnene inavuta ampea zote ambazo altaneta inaweza kutoa, bila kupungua, mpaka altaneta inaungua. Hapo DC-DC si anasa. Chaji isimame 14.2 hadi 14.6, na ile programu ya chaja ya "kufufua" betri za risasi, inayopandisha volti hadi 15 na zaidi, izimwe kabisa. Isikae chini ya boneti.

#4

Naongeza mawili, maana yamesahaulika.

Masika magari yanapaki Aprili na Mei. Kifaa cha kufuatilia gari kikinyonya ampea 0.05 tu, ni 1.2Ah kwa siku, siku 60 ni 72Ah. Inveta iliyoachwa imewashwa bila mzigo inaweza kula ampea nzima, hiyo betri haimalizi wiki. Jaza mpaka mwisho, chomoa hasi ya betri ya tela kwanza, kisha kila mwezi pima, ikishuka 12.4, chaji. Zile rejista za gari lililopaki mnaandika upepo wa tairi, andikeni na volti.

La pili ni hatari. Nimeona betri za maji zimefungwa chini ya kitanda cha tela, kwenye boksi lisilo na tundu. Ikichaji inatoa haidrojeni, na ikifika asilimia 4 ya hewa ya humo ndani, cheche ya rilei inatosha. Boksi liwe na bomba la kutoa hewa nje likitokea juu, kwani gesi hiyo inapanda, na tundu la kuingiza hewa chini. Kama hakuna pa kupitishia bomba, weka AGM, ila nayo isizibwe kabisa kwenye boksi lisilopitisha hewa; pia inastahimili makunyanzi ya ile barabara ya Naabi hadi Seronera, ndani ya Serengeti, kuliko ya maji. Mtikisiko ule unakung'uta sahani, unga unajaa chini na kuunganisha seli. Mkanda wa kufunga betri ukazwe, kamba ya katani haifai.

#5

Mwenye uzi tena. Atakayefungiwa wiki hii aweke hapa picha ya waya uonekane ulivyoandikwa unene, na vipimo vitatu gari likiwa linaunguruma na friji limewaka: volti kwenye altaneta, volti kwenye betri ya tela, na ampea zinazoingia. Ikizidi nusu volti kati ya hivyo viwili vya kwanza na hakuna DC-DC, msilipe salio.