Nina D ya Kiingereza, narisiti Novemba. Nianze na sarufi au vitabu?

wakala_stendi

Wakuu, shikamooni wanaostahili, wengine habari za jioni.

Nilimaliza fomu foo mwaka 2021, shule moja ya kata huku mkoa wa Njombe. Matokeo yangu nayaweka wazi ili nisaidiwe vizuri: Kiswahili B, Historia C, Kiingereza D, Uraia D, Jiografia D, Biolojia F, Hesabu F. Pointi 27, divisheni foo. Sasa hivi nina kibanda cha uwakala wa pesa stendi ya Makambako na nimeamua kurisiti, yaani kurudia mtihani. Nataka kusoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) kama PC, mtahiniwa wa kujitegemea, na bila kredit tatu, yaani C kwenda juu, fomu siksi sifanyi. Mbili ninazo. Ya tatu lazima iwe Kiingereza, ndiyo L yenyewe hiyo.

Shida yangu iko hivi. Fomu tatu mwalimu wetu wa Kiingereza alihama, na wa kuziba pengo hakuja mpaka tunakaribia moku, ule mtihani wa majaribio. Vitabu vya fasihi tulivisoma ubaoni. Yaani mwalimu anaandika "themes", anaandika "characters", sisi tunanakili. Kitabu chenyewe, Passed Like a Shadow, darasa zima kilikuwa kimoja na kilikaa na monita.

Sasa nimepata desa la sarufi kwa rafiki yangu, tensi zote 12, nimejaza kaunta buku na nusu. Nikichukua pasti pepa, ya kujaza mapengo napata. Nikiambiwa "write a letter" au insha ya kitabu, kalamu inagoma. Najua la kusema, kwa Kiswahili ningewajazia kurasa nne.

Kibanda nafungua alfajiri kwa ajili ya abiria wa Songea na Mbeya, nafunga saa 2 usiku. Tuisheni zote hapa mjini ni za mchana. Kwa hiyo ni mimi, simu, na usiku. Niendelee na sarufi mpaka niimalize au nihamie vitabu? Vitabu vingapi? Na tafadhali mtu asiniambie niangalie filamu. Nimeangalia mpaka Kikorea nimeanza kukielewa, Kiingereza bado.

Kijiwe_Nongwa

Dada, Kiingereza hakina mjomba. Kariri. Mimi nilikariri insha tatu za tamthiliya neno kwa neno, barua ya kuomba kazi moja, barua ya kirafiki moja. Swali likija nageuza geuza mwanzo, katikati ni ileile. C nilipata. Hao watakaokuja kukwambia "elewa kwanza" walisoma shule za kulipia.

Mwl_wa_Zamu

Binti, marahaba. Nimefundisha Kiingereza fomu tatu na nne miaka mingi, shule za kata na moja ya binafsi, kwa hiyo nakujibu kama ninavyowajibu wa darasani kwangu.

Funga hilo kaunta buku la tensi. Sisemi sarufi haina kazi. Nasema ya kujaza mapengo unayo tayari, umeeleza mwenyewe, na D yako haikutoka huko. Tazama mtihani ulivyogawanywa: sehemu A, kuchagua na kuoanisha, alama 16. Sehemu B, majibu mafupi, 54. Sehemu C, insha mbili za fasihi, 30. Muda saa tatu. C ya cheti inaanzia 45. Sasa piga hesabu, hata kama una F yake. Anayeiacha sehemu C tupu anaitafuta 45 ndani ya 70, na humo ndani kuna ufahamu, kuna barua, kuna kugeuza sentensi za "too... to" kuwa "so... that". Ndivyo wanavyofanya watoto wetu wengi: wanafika C, wanaandika jina la kitabu na mistari minne, halafu wanalaza kichwa juu ya meza mpaka msimamizi akusanye.

Na C ndiyo sehemu ambayo unaweza kuijua tangu leo. Hadithi ya ufahamu huijui. Barua utakayoagizwa kuandika huijui. Lakini Juliette wa tamthiliya ya Three Suitors: One Husband ataziiba zile faranga laki tatu mwaka huu, na mwakani ataziiba tena. Orodha ya vitabu vinavyoruhusiwa huchapishwa ndani ya karatasi ya mtihani, hata jina la mwandishi hulazimiki kulikariri.

Namna ya kuchagua vitabu. Swali mara nyingi hutaka vitabu viwili na hoja tatu kutoka kila kimoja. Basi chukua viwili vinavyojibizana. Three Suitors na The Lion and the Jewel ya Wole Soyinka ni kama vimeandikwa kwa ajili yako. Kule Cameroon, mzee Atangana na nduguze wameshapokea laki moja ya Ndi mkulima, akija Mbia mtumishi wa serikali na laki mbili wanapokea pia, na aliyeulizwa anampenda nani hayupo. Kule Nigeria, kijiji cha Ilujinle kwenye kitabu cha Soyinka, mwalimu Lakunle hataki kabisa kulipa mahari, anasema ni ushenzi, na Sidi anamwambia bila mahari hakuna ndoa. Ukiulizwa mila, ndoa, nafasi ya mwanamke, mgongano wa wazee na wasomi, tamaa ya mali, jibu lote liko kwenye vitabu hivyo viwili. Kwa riwaya chukua Unanswered Cries, binti Olabisi na mama yake anayetaka aingie Bondo, chama cha siri cha wanawake, akakeketwe, pamoja na hiyo Passed Like a Shadow unayoijua nusu. Hapo una familia zinazowaangusha watoto wao pande zote mbili.

Mashairi yaweke pembeni. Walimu wenzangu watanirushia mawe, najua. Mwenye darasa na mwalimu ayasome, yana utamu wake. Wewe una usiku tu. Ila ingia tovuti ya baraza la mitihani, ushushe fomati ya mwaka wako, uhakikishe kwenye sehemu C unachagua maswali mawili tu ya kujibu, usinisikilize mimi tu.

Halafu soma kitabu chenyewe. Madesa ya uchambuzi yanafanya watu wa mikoa mitatu waandike sentensi moja yenye kosa lilelile. Three Suitors ni kijitabu chembamba, ni watu wanaongea na kutaniana, utakimaliza kibandani kati ya mteja na mteja.

Usiku usiandike insha. Andika aya moja. Funga kitabu, chukua hoja moja, mfano "tamaa ya mali", andika nani alifanya nini, kwa nini, na kikatokea nini. Sentensi fupi. Hadithi yote isimulie kwa wakati uliopo: Juliette takes, Atangana wants, Lakunle refuses. Hivyo unabaki na jambo moja tu la kulinda, ile "s" ya mwisho, badala ya kupigana na tensi 12 kwa mpigo. Ukipata hoja sita zilizokaa vizuri, insha unayo, kilichobaki ni utangulizi wa mistari mitatu.

Kijiwe_Nongwa, wewe ulibahatika swali likaja na sura ya insha yako. Wapo waliokariri insha ya "mahari" wakaulizwa wamejifunza nini kwa mhusika mkuu, wakaimwaga ileile ya mahari mpaka nukta ya mwisho.

Kijiwe_Nongwa

Mwalimu, C ni C. Cheti hakiandikwi "alibahatika".

mama_mapacha_IR

Dada pole na hongera. Mimi nilirisiti nikiwa na mapacha wachanga, kwa hiyo usiku naujua. Namuunga mkono mwalimu kwenye vitabu, ila kuna mambo hajayagusa.

Baraza hutoa kila mwaka kitabu cha uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, kila somo na chake. Kipo bure kwenye tovuti yao. Humo wanaweka picha za majibu ya watu, lililofanya vizuri na lililoharibika, kwa mwandiko wao wenyewe, na maelezo kwa nini. Mimi hicho kilinisaidia kuliko tuisheni yoyote. Niliona mtu kaulizwa aandike barua ya kikazi kaweka anwani moja, mwingine kwenye ufahamu kanakili aya nzima ya hadithi kama jibu. Ukiona la mwenzako limekatwa, unajua la kwako litakatwa wapi. Shusha ya miaka mitatu ya karibuni, soma ya Kiingereza tu, usipoteze bando.

Vitabu vya kiada navyo vipo bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Taasisi ya Elimu, unajisajili tu. Vya fasihi vile vya kina Soyinka utahitaji kutafuta nakala.

Barua mwalimu kaipita haraka. Barua ni alama za kuokota! Muundo wa barua ya kikazi haubadiliki: anwani ya mwandishi, tarehe, anwani ya mwandikiwa, salamu, kichwa cha habari, mwili, "Yours faithfully", sahihi, jina. Huo kweli ukariri, hapo Kijiwe yuko sahihi. Mimi nilikuwa naandika moja kila Jumapili kwa kitu cha kweli: nalalamikia maji kukatika, naomba kazi niliyoiona gazetini, naalika shangazi kipaimara. Ya kweli inaandikika, ya kubuni inakwama.

Kingine, andika kwa mkono. Ukizoea simu inakumalizia maneno, siku ya mtihani utajikuta "because" inakushinda.

Dalali_wa_Ukweli

HKL ya nini mwaka huu? Walimu wa sanaa wamejaa mtaani. Nenda VETA kajifunze umeme.

wakala_stendi

Dalali, umeme nimeuheshimu, ila waya unaniogopesha. Tuendelee.

Mwalimu, mama mapacha, asanteni sana. Three Suitors nimeipata kwa kijana wa stationery, nimeanza. Huyu Mbia anavyoingia na suti yake akitaja vyeo vya wizarani, jamani, yupo mmoja hapa stendi hivihivi! Sikujua kitabu cha shule kinaweza kuchekesha. Kwenye ubao wetu iliandikwa "Mbia: proud, civil servant", basi.

Nimejaribu aya ya kwanza, sikufungua kamusi. Naiweka kama ilivyo, msinicheke:

"Juliette is steal the money of Ndi and Mbia because her family they want to sell her like goat. She give the money to Oko."

Swali la pili: siku ya mtihani nianze na A au C?

Mwl_wa_Zamu

Hakuna wa kucheka hapa. Hiyo hoja imekamilika kuliko unavyodhani: kuna nani, kuna kwa nini, majina yako sawa. Tunanyoosha tu.

"Juliette steals", bila "is". Mstari wa pili "She gives". Hayo mawili ni kosa moja, ndiyo "s" niliyoisema, na ndilo litakalokusumbua mpaka Novemba, kwa hiyo kila ukimaliza aya rudi uwinde vitenzi peke yake, usisome kitu kingine. "They" iondoe, familia umeshaitaja. Mbuzi wako mpe "a". Basi.

Kinachokosekana ni mwisho wa tukio, na huo una alama: pesa hiyohiyo ndiyo Oko, mpenzi wa Juliette, anakuja kuitolea mahari. Ongeza sentensi hiyo moja, na nyingine ya kufunga inayorudi kwenye swali. Inakuwa mistari mitano. Insha moja ni aya sita za namna hiyo.

Kuanza: mimi nawashauri waanze na C, akili ikiwa bado mbichi, dakika 70 si zaidi, halafu B, mwisho A. Ya kuchagua hata umechoka unaweza.

mama_mapacha_IR

Hapo napingana na mwalimu. Mtu aliyeikalia pepa hiyo akapata D, siku ile mikono inatetemeka. Nilianza A, dakika 15 nikawa nimeshapata pumzi, ndipo nikaruka C, nikamalizia B. Jaribu zote mbili nyumbani kwa saa ya simu, uone ipi inakutuliza.

Mwl_wa_Zamu

Sawa, hilo nalikubali, mradi A isizidi hizo dakika 15. Tatizo la A ni kwamba mtu anakaa kwenye kipengele kimoja kama kinamlipa posho.

wakala_stendi

Nitajaribu zote Jumapili. Aya ya pili nimeandika, vitenzi nimewinda, nimekuta wawili wamekimbia bila "s".

The Lion and the Jewel kuna mtu Mafinga anayo, anaiweka kwenye basi la asubuhi. Bado Unanswered Cries. Mwenye nakala, hata iliyochanika jalada ilimradi kurasa zimetimia, anitafute inbox, nauli ya kifurushi naituma mimi, bila makato.

mama_mapacha_IR

Ninayo, ina jalada na michoro ya mapacha ukurasa wa kwanza. Nakuja inbox. Ukimaliza Novemba uirudishe, kuna mdogo wangu yuko fomu tatu.