Tupeane uzoefu: tuliokwenda kutoa damu tukaambiwa tuna homa ya ini B

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, damu ya mchangiaji hupimwa VVU, kaswende na homa ya ini aina ya B na C kabla ya kupewa mgonjwa, na ndiyo maana wengi wetu tumegundua kuwa tuna virusi hivi tukiwa wazima kabisa, siku tuliyokwenda kumtolea damu ndugu aliyelazwa. Mimi nilikwenda kwa ajili ya shangazi yangu. Mistari miwili ilipojitokeza kwenye kile kipimo kidogo cha ukanda, niliambiwa tu kwamba damu yangu haifai, nikarudi wodini sina la kuwaeleza ndugu. Kumwacha mtu aondoke na neno hilo pekee ni kumdhulumu. Daktari mwingine ndiye aliyenieleza baadaye kwamba kipimo hurudiwa baada ya miezi 6, na virusi vikiwa bado vipo ndipo maambukizi huitwa sugu. Naomba kila mmoja aeleze kilichofuata baada ya majibu yake.

Mchangiaji wa Newala: Majibu yangu nusura yavunje ndoa, kwa kuwa mume wangu aliamini nimetoka nje. Muuguzi mmoja, Mungu ambariki, alituita pamoja akatueleza kwamba virusi hupita kwa kujamiiana, ni kweli, lakini pia kwa damu na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua. Na kwamba mtoto mchanga akiambukizwa, uwezekano wa kubaki navyo maisha yote ni takriban 90 kwa 100, ilhali kwa mtu mzima haufiki 5. Huenda basi nimeishi navyo tangu utotoni. Mume wangu alipimwa, akakutwa hana, akachanjwa: dozi ya kwanza siku ileile, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza.

Mchangiaji wa Nachingwea: Nyumbani nilitengewa sahani na kikombe, jambo lililoniumiza kuliko ugonjwa wenyewe, kwani virusi hivi haviambukizwi kwa kula pamoja. Kinachopaswa kutengwa ni wembe na mswaki, maana virusi huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Mjomba, ambaye kwetu ndiye mwenye kauli, aliniletea dawa ya mizizi. Nilimwomba radhi nikaikataa, kwa sababu baadhi ya dawa hizo huliumiza ini.

Mchangiaji wa Kilwa: Wanangu wadogo walikwishapata kinga kliniki, kwani chanjo hii imo katika ratiba ya watoto tangu 2002. Wakubwa, waliozaliwa kabla ya hapo, nimewapeleka kupima.

Mleta mada: Ahsanteni sana. Mimi sijaanzishiwa dawa, kwa kuwa si kila mwenye virusi huhitaji tenofovir, dawa ya kudhibiti virusi hivi. Naendelea kufuatiliwa hali ya ini. Aliyepima wingi wa virusi akiwa huku kwetu, tafadhali atueleze sampuli yake ilichukuliwa wapi na majibu yalichukua muda gani.