Wauza springi za kushushia gari, acheni kutuuzia milimita!

Wakuu, hili limenikaa kooni wiki nzima.

Nilinunua seti ya springi za kushusha gari, za bei ya chini, rangi nyekundu inayong'aa. Kwenye boksi wameandika "50 mm", yaani gari litashuka kiasi hicho, na aina ya gari, basi. Nikamuuliza muuzaji: ugumu wake ni Newton ngapi kwa milimita, yaani inahitaji nguvu kiasi gani kubonyea milimita moja? Akanijibu, "Hizi ni za kimichezo, ni ngumu tu." Ndilo jibu la mtu anayeuza kitu kinachobeba uzito wa gari zima!

Miezi mitatu haikuisha. Nyuma pamebonyea kuliko siku zilipofungwa, shokapu moja inavuja mafuta, na tairi za mbele zimelika upande wa ndani hadi nyuzi zinachungulia. Fundi aliyezifunga alisema alaimenti, yaani kupanga pembe za tairi, haina haja. Haina haja vipi? Ukishusha gari, tairi za mbele hubadilika pembe, na usipozirekebisha zinajikwaruza barabarani kila unapokwenda.

Nikazifungua, nikachukua kalipa, kile kifaa cha kupimia unene. Waya wa springi ya kiwandani una unene wa 12 mm. Wa hizo za "kimichezo" ni 11.5. Upana wa duara ni uleule, mizunguko ni ileile. Nusu milimita inaonekana ndogo, lakini ugumu wa springi unakwenda na kipeo cha nne cha unene wa waya (unene × unene × unene × unene). Pigeni hesabu wenyewe: karibu asilimia 16 ya ugumu imepotea. Nimeuziwa springi laini kuliko ile niliyoitoa! Gari limeshuka kwa sababu springi ni fupi na dhaifu.

Na gari lililoshushwa ndilo linalotaka springi ngumu zaidi. Kabla sijalishusha, likiwa limesimama, shokapu zangu zilikuwa na kama 75 mm za kubonyea kabla ya kugusa ile raba ya juu inayopokea kishindo. Toa 50, zinabaki 25. Kwa springi laini hizo 25 zinaisha kwenye tuta la kwanza, halafu gari zima linadundia raba na shokapu inakula kipigo.

Halafu kuna wanaoshauri ukate mzunguko mmoja kwa grenda ili uokoe hela. Nawaomba sana muache. Springi iliyokatwa ovyo haikai vizuri kwenye kikombe chake, na tairi likining'inia inaweza kuchomoka. Wanaokata kwa moto wa gesi ndio wabaya zaidi, maana joto linaua ugumu wa chuma chenyewe.

Sisemi lazima ununue ghali. Ukipata springi zilizotumika, zilizotoka kwenye toleo la kimichezo la gari hilohilo lenye injini ileile, ni bora mara kumi kuliko rangi nyekundu isiyo na namba. Ila kagua kutu, hasa ncha za chini.

Muuzaji amekataa kunirudishia hela, anadai "zimeshatumika". Nimerudisha za kiwandani, nimenunua shokapu mbili na tairi mbili, jumla imepita bei ya seti nzuri niliyoiona ghali mwanzoni.

Sasa natafuta za kushusha 30 mm. Anayeuza aandike hapa unene wa waya, idadi ya mizunguko na ugumu, mbele na nyuma. Asiye na namba hizo asinitumie picha.